Mjadala: Kiwanda cha saketi Dar es Salaam, masharti kwanza au uzalishaji kwanza?

Mleta mada
Ndugu zangu, wapo wanaotamani mji wetu utengeneze saketi na vipuri vya simu badala ya kuvipokea bandarini. Je, mwekezaji alazimike kutaja kila kemikali atakayotumia, na matangi yake yakaguliwe kabla hajawasha mashine, au aanze kwanza na masharti yamfuate? Nauliza kwa kuwa kaya nyingi hapa hutumia maji ya visima.

Mchumi wa Tabata
Tukitanguliza masharti, mwekezaji atakwenda Mombasa. Umoja wa Ulaya ulianza kubana metali zenye sumu za risasi, zebaki na kadimi katika vifaa hivi Julai 2006, hivyo kiwanda kitakachouza huko kitajirekebisha chenyewe. Ukitaka wachafuzi, nenda Kariakoo ukawaone mafundi simu wanavyovuta moshi wa risasi kutwa nzima na kumwaga thina mtaroni.

Fundi wa Gerezani
Nilikuja kuzungumzia kiwanda, lakini Mheshimiwa Mchumi hawezi kututukana akaachwa hivihivi. Lehemu ya kawaida yenye risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, ilhali risasi yenyewe haichemki mpaka ipite 1,700. Moshi anaouona ni wa utomvu uliomo ndani ya waya wa lehemu, nao hudhuru mapafu, sikatai. Risasi humwingia fundi kwa vidole, anapokula chapati bila kunawa. Aliyewahi kushika pasi ya lehemu anayajua hayo; aliyezoea kalamu huandika tu.

Bi Maabara
Kaka Mchumi, agizo la Ulaya hupima kifaa kilichokamilika, halipimi kilichotumika kukiosha kiwandani. Mapema miaka ya 1980 huko San Jose, Marekani, tangi la chini ya ardhi la kiwanda cha vipuri vya elektroniki cha Fairchild lilivujisha viyeyushi, yaani kemikali za kuoshea vipuri, hadi kwenye kisima cha maji ya kunywa, na huko Taoyuan, Taiwan, kiwanda cha elektroniki cha RCA kilichofungwa mwaka 1992 kiliacha trikloroethilini, kiyeyushi kingine, katika maji ya ardhini. Kimiminika hicho ni kizito kuliko maji, kwa hiyo huzama mpaka kikute tabaka lisilopitisha, kikabaki humo kikiyachafua maji kidogo kidogo kwa miongo. Na viwanda vya aina hiyo vilisifiwa kwa usafi, eti kwa kuwa havikuwa na mabomba ya moshi! Hata hivyo, Fundi asijioshe sana, kwani moshi wa nyaya zinazochomwa mitaani tunauvuta sote.

Fundi wa Gerezani
Dada, wanaochoma nyaya ni vijana wa vyuma chakavu, si mafundi. Mnatuchanganya kwa makusudi?

Mkazi wa Vingunguti
Vijana hao huchoma kwa sababu shaba iliyovuliwa ganda ina bei kuliko waya mzima, na kumenya kwa kisu ni kazi ya kutwa. Plastiki ile ina klorini, na ikiungua kwenye moto hafifu hutoa sumu kali iitwayo dioksini. Wanunuzi wa chuma chakavu wenye mizani wakatae shaba iliyoungua, tuone kama kuna atakayechoma tena.

Mchumi wa Tabata
Wakiikataa itauzwa kwingine usiku. Na Fundi atuambie, thina anaimwaga wapi? Hapo amepapita kimya.

Mleta mada
Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003 inamtaka anayeingiza kemikali hizo asajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Usajili huo hutuonyesha pipa lililoingia, si kinachovuja ardhini. Nauliza tena, nani atapima visima vya majirani wa kiwanda, na kwa gharama ya nani?

Fundi wa Gerezani
Thina yangu hukaukia kwenye kikopo, haifiki mtaroni. Mchumi aje ofisini kwangu akague, soda nitamnunulia mimi.

Bi Maabara
Ikikauka humo, Fundi, imekwisha kuingia puani mwako na mwa mteja, maana vibanda vyenu havina hata dirisha la pili.