Tupeane uzoefu: kubadilishwa nyonga ukiwa bado na nguvu zako, na makazi ni Lamu

BintiMkomani
Assalaam aleikum jamaa. Naomba walioonja waje hapa, na wanaosubiri kama mimi waje pia.

Nina miaka 51, nakaa Mkomani, nyumba ya mawe ya kizamani, ngazi zake mnazijua. Alfajiri napika mahamri na mbaazi za nazi za kuuza. Nyonga ya kulia ilianza na maumivu ya kinena, nikadhani ni mshipa tu, kisha yakashuka pajani mpaka gotini. Nikiamka nakuwa mkavu, nikijizungusha kidogo nalegea, jioni maumivu yanarudi na riba. Viatu vyenye kamba nimeviacha, maana siufikii mguu wangu mwenyewe.

Daktari huko Mombasa kaangalia eksirei akasema gegedu, ule utando laini wa kwenye kiungo, imekwisha, mfupa unasaga mfupa. Dawa yake ni kubadilisha kiungo, ila lini, kaniachia mwenyewe. Basi nyumbani kila mtu amekuwa daktari. Mama asema huo ni upasuaji wa vikongwe. Kaka yangu asema nisubiri dawa mpya. Shoga yangu asema India, kama kwamba India ni hapo Shela.

Ya kwenye karatasi za hospitali nimeyasoma. Nataka haya: ulirudije nyumbani, ngazi ulipandaje, uliswalije, chooni ulifanyaje, na sasa hivi ukoje.

FundiWaMatondoni
Waaleikum salaam bi dada. Mimi nilifanyiwa nikiwa na miaka 54, mguu wa kushoto. Kazi yangu ni majahazi, na ukitaka kumalizia nyonga haraka, kaa ukichuchumaa chini ya tumbo la chombo miaka thelathini ukipigilia kalafati.

Nilichomwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo nilikuwa macho nusu. Kiuno kushuka chini sina habari nacho, lakini masikio yanafanya kazi. Nikasikia msumeno. Kisha wakachimba kikombe cha nyonga kwa kitu kinachozunguka, kisha nyundo, tena nyundo ya haki, kitanda kizima kinatikisika. Nikajisemea huyu ni fundi mwenzangu, na anavyopiga anajua mti wake. Wakati wa kukazia, mlio wa nyundo ulibadilika ukawa mkali, nikajua kimekaa. Baadaye nilimwuliza daktari, akacheka akasema hata wao huusikiliza mlio huo.

Kesho yake asubuhi walinisimamisha. Nililia kidogo, siwafichi. Lakini maumivu yalikuwa ya kidonda. Yale ya zamani ya ndani, ya kunyimwa usingizi, hayakuwepo tena.

Swala: nilikaa kwenye kiti. Sheikh wetu alisema mwenye udhuru husali anavyoweza, na msikitini kiti hakikumshangaza mtu. Kazini nimerudi, ila kuchuchumaa basi. Chini ya chombo wanaingia vijana, mimi nakaa juu ya stuli ndefu nawagombeza.

MwalimuMalindi
Mimi ni upande wa pili: miaka 47, picha yangu mbaya, na sijafanya. Sijakataa, nimesogeza tu. Nimepunguza uzito, nafanya mazoezi ya misuli ya paja na makalio kama alivyonionyesha fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo), na natembea na bakora mkono wa upande MZIMA. Hilo la mkono watu wengi hawalijui. Ukishika upande unaouma hupati nafuu ile.

Sababu ya kusogeza ni umri. Kiungo cha bandia huchakaa na hulegea. Takwimu za nchi zenye kumbukumbu ndefu zinaonyesha kiasi cha nyonga 58 katika kila 100 bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Ni nyingi, lakini aliyewekewa na miaka 47 ana nafasi kubwa ya kuhitaji kurudiwa kuliko wa 70, na kurudia ni kazi nzito kuliko mara ya kwanza.

Ila Bi Mkomani, nakwambia ukweli: kusogeza nako kuna bei. Diklofenaki, vidonge vya maumivu, za kila siku zinaumiza tumbo na figo na kupandisha presha. Na misuli isiyotumika huisha. Siku nitakapoanza kuamka usiku kwa maumivu, nitakwenda.

BintiMkomani
Mwalimu, mimi naamka kila usiku.

FizioWaLangoni
Basi dada umeshajijibu nusu. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, nafanya kazi ya fizio Mombasa, na wagonjwa wa visiwani nawajua.

Kwanza mpoze Mama. Si upasuaji wa majaribio wala si wa vikongwe tu. Namna ya kisasa aliianzisha John Charnley huko Wrightington, Uingereza, mwaka 1962: kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki. Siku hizi kichwa huwa cha chuma au cha seramiki, na plastiki yenyewe imeboreshwa sana. Naona watu wa miaka arobaini na kitu kila mara.

Pili, msiizungumze hospitali tu, izungumzeni nyumba. Kwa wiki 6 hivi za mwanzo, kutegemea daktari alipitia upande gani wa nyonga, utaambiwa usikunje nyonga kupita pembe ya nyuzi 90, usipishanishe miguu, usijizungushe juu ya mguu ule. Tafsiri yake kwa Lamu ni hii: hakuna mkeka, hakuna kiti kifupi cha barazani, hakuna choo cha kuchuchumaa, na dada wa mbaazi za nazi, mbuzi ya kukunia nazi uisahau kabisa! Hakuna kikalio kifupi kuliko kile nyumbani, magoti yanakufika kidevuni. Atafute mtu wa kumkunia. Kwa upande mwingine, vitanda vyetu vya zamani vile virefu ndivyo vinavyofaa. Ulale na mto kati ya miguu.

Ngazi: kupanda, tanguliza mguu mzima, kushuka, tanguliza mgonjwa na gongo. Fanya mazoezi haya hospitalini kabla ya kuruhusiwa, umwambie fizio wako wazi kwamba ngazi zako ni za mawe, ndefu kwenda juu na hazina pa kushika. Hazifanani na za kwao. Bora ukae chumba cha chini wiki za mwanzo kama kipo.

MtuWaGati
Hakuna aliyetaja bahari. Kutoka Mombasa kwa basi ni safari ya kutwa, umekunja nyonga, halafu Mokowe unaingia boti. Ukija kwa ndege, Manda nako ni boti. Nilimleta mke wangu maji yamekupwa, ngazi za gati zina utelezi wa mwani na boti iko chini kabisa. Mabaharia wawili walimshusha kwa kumshika kwapani, yeye analia, mimi natukana. Ulizeni maji! Panga kuvuka maji yakijaa, boti inakuwa karibu na usawa wa gati, mtu anaingia kwa hatua moja. Na chagua boti kubwa yenye benchi la juu.

FizioWaLangoni
Maneno ya dhahabu hayo. Niongeze: safari ndefu ya kukaa baada ya upasuaji inaleta hatari ya damu kuganda mguuni. Dawa ya kuzuia kuganda hutolewa hata hadi siku 35, usiikatishe kwa kuwa umejisikia vizuri. Basi likisimama, simama. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikabana ghafla, ni hospitali saa hiyo hiyo.

AmiSaidi58
Wote mnasifu. Mimi nataja yangu. Mguu wangu uliotibiwa umekuwa mrefu kidogo kuliko mwenzake. Hospitali sitaitaja, lakini hakuna aliyenieleza kabla kwamba linaweza kutokea, na nilipouliza baadaye nilijibiwa kwa haraka kama msumbufu. Soli ya kiatu cha pili imeongezwa, natembea sawa. Lakini waulizeni madaktari wenu mambo haya KABLA: urefu wa mguu, kuteguka, uambukizo.

Kuteguka nako nimekuonja. Harusini, biriani imeletwa, wenzangu wamezunguka sinia, na mimi nikaona haya kula peke yangu kwenye kiti. Nikakaa mkekani, nikainama kuchukua nyama upande wa pili. Kikatoka. Sauti yake nimeisikia mpaka leo. Mguu ukageuka kwa ndani, mfupi, na biriani ikaishia hapo kwa watu wote. Walikirudisha kwa kunilaza usingizi, bila kupasua tena. Sasa nikiingia harusini vijana wenyewe wanakimbilia kiti.

MamaSwabra
Pole ami, lakini nimecheka, samahani.

Yangu haikutokana na uchakavu wa kawaida. Nina selimundu (sickle cell), kichwa cha mfupa wa paja kilikosa damu kikafa, na gegedu ikaharibika juu yake. Nilikuwa na miaka 42. Kwa hiyo mwenye selimundu anayeumwa kinena asiambiwe tu "ni kawaida yako", apigwe picha. Na picha ya NYONGA. Mimi kliniki moja ilipiga goti, ikapiga tena goti, kwa kuwa huko ndiko nilikokuwa naonyesha kidole.

Pesa: kiungo chenyewe ndicho kinachokula fungu. Uliza SHA, bima ya afya ya serikali, itabeba kiasi gani, upate kibali kabla ya kulazwa, na uandikiwe kilichobaki. Sisi tulichanga ukoo mzima. Meno yaliyooza yang'olewe au yatibiwe kabla, na sukari ishuke, maana vidudu vikikaa kwenye kile chuma ni kesi nyingine kubwa.

KijanaWaShela
Na kukandwa je? Bibi yangu anakanda kwa mafuta ya nyonyo, watu wanapona.

FizioWaLangoni
Misuli ikilegezwa kwa mafuta na mkono mwepesi, raha tupu, sikatazi. Gegedu haioti kwa kukandwa. Anayevuta mguu kwa nguvu au kukanyaga nyonga mkimbie, na baada ya upasuaji asiguse mtu. Dawa za miti unazokunywa mtajie daktari, zingine zinachezea damu. Na ukichomwa sindano ya stiroidi kwenye nyonga kupunguza maumivu, mwambie daktari wa upasuaji, kwa kawaida husubiri kiasi cha miezi 3 kwa kuogopa uambukizo.

BintiMkomani
Allah awalipe. Nina swali la aibu kidogo, wanaume mpite. Mambo ya ndoa?

MamaSwabra
Hata si aibu. Mimi nilisubiri kiasi cha wiki 6 kama nilivyoambiwa, kidonda kimepona, halafu wewe uwe wa chini, umelala chali, na mto pembeni wa kuegemeza paja. Mengine muulize fizio wako wa kike, wana karatasi yenye michoro. Mume wangu aliisoma kuliko alivyowahi kusoma kitu chochote.

BintiMkomani
😂 Haya. Nimepiga simu, nimeomba nafasi baada ya Maulidi, maana mwezi ule mahamri ndiyo msimu wake na siwezi kuuacha. Chumba cha chini kipo, ni stoo, kitapakwa chokaa. Binti wa dada yangu amekubali nazi. Kilichobaki ni kiti kirefu cha chooni, madukani sijaona.

FundiWaMatondoni
Ninacho changu, nilikiunda mwenyewe kwa mbao, kina mikono ya kushika na tundu katikati. Niambie urefu wako kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, nikate miguu yake au niiongeze. Nitampa nahodha wa boti ya alasiri akuletee.