Apejio za besi: vidole vimezoea, Jumapili zinapotea

BesiTandika
Habari zenu wakuu. Napiga gitaa la besi kwenye kwaya yetu ya kanisa hapa Tandika, mwaka wa pili sasa. Wiki sita hizi nafanya apejio (noti za kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, nikizipiga mojamoja) za C, F na G kila usiku nikitoka dukani Kariakoo. Chumbani zinatiririka vizuri. Ila Jumapili kinanda kikihamia F, nang'ang'ania noti ya kwanza ya kodi tu mpaka wimbo unaisha. Inaniuma, maana nimejituma kweli. Niongeze kasi?

Kijana_wa_Amp
Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) 60 kwa dakika, noti moja kila pigo. Ukikosea, rudi hadi 50. Kasi baadaye.

MzeeNyuziNne
Mdogo wangu, kasi siyo ugonjwa wako. Mimi nimepiga dansi kumbi za Temeke miaka mingi, na hili nililijua nimechelewa: apejio huimbwa kwanza, ndipo ipigwe.

Wewe ni mtu wa kwaya, sol-fa, yaani kuimba noti kwa do-re-mi, unayo tayari. Wimbo ukiwa ki ya C, yaani do yake ni C, kodi ya C ni do-mi-so, F ni fa-la-do, G ni so-ti-re. Shika do uzi wa A, freti ya 3 (freti ni vile vyuma vya shingoni mwa gitaa), kwa kidole cha kati. Mi iko uzi wa D, freti ya 2, kidole cha shahada. So ni uzi huohuo, freti ya 5, kidole cha mwisho. Kila noti itoke mdomoni pamoja na kidole. Sauti ikigoma, simama hapohapo, usiendelee.

Sasa sikiliza njia za kuhamia. Kutoka mi kwenda fa ni freti moja tu, ya 2 kwenda ya 3. Kwa hiyo kabla kinanda hakijaingia F, pigo la mwisho la C liwe mi, halafu uiangukie fa. Utasikia wimbo wenyewe unakuvuta. Kurudi nyumbani kutoka G ni hivyohivyo, ti inapanda kwenye do. Zoezi lako linaanza do na kuishia do, kodi ileile. Wapi umejifunza kuhama?

Na pigo la kwanza la kodi mpya lipe noti ya msingi, ile inayoipa kodi jina. Waimbaji wanaisimamia hiyo.

AltoWaMbagala
Mzee shikamoo, umesema kweli. Sisi waimbaji besi ikipita mi kwenda fa tunajua kodi inageuka hata kabla ya kinanda. Kaka, umeme ukikatika usiache zoezi: egemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la mbao, sauti inasikika vizuri. Kaka yangu anafanya hivyo.

BesiTandika
Marahaba ya mzee iwe yetu sote, dada. Asanteni sana. Jana kwenye daladala nimeimba fa-la-do kimoyomoyo mpaka kituoni, na usiku nikaegemeza besi kabatini. Mi kwenda fa imekubali, nimeirudia labda mara hamsini kwa furaha. Shida imebaki G: nikitoka so nafika re, ti naipita bila kuisikia.

MzeeNyuziNne
Basi leo usipige G yote. So-ti, so-ti, mpaka ti yenyewe idai do. Mazoezi ya kwaya ni lini?

BesiTandika
Jumamosi saa kumi jioni.

MzeeNyuziNne
Siku zinatosha. Anza na nyimbo za taratibu.