Bata sita, yai moja kwa siku mbili. Nakosea wapi?

Mshika_Jembe
Wakuu, heshima kwenu. Kuku nimefuga miaka mingi, bata ndiyo mara yangu ya kwanza na naona wananichezea akili.

Ninao 6, wa rangi ya kaki, wembamba. Niliwanunua wakiwa na wiki 8, muuzaji akaapa kwamba wote ni majike. Sasa wana miezi 7. Mwezi uliopita walianza kutaga nikashangilia, lakini tangu hapo naokota yai 1 kwa siku mbili, tena nalikuta matopeni. Juzi nimelitoa ndani ya karai la maji, limezama kabisa.

Wanakula lishe ya unga ya kuku wa mayai, na mahindi ya kuparaza. Chakula kiko ndani ya banda, maji yako nje ili banda lisiloe. Nawafungulia saa 12 asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini, jioni wanarudi wenyewe. Viota nimewatengenezea vitatu vizuri tu, juu ya ubao kama nusu mita kutoka chini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda. Halafu kuna mmoja anachechemea.

Jirani anasema tatizo ni kwamba sina bwawa. Nichimbe? Au nirudi zangu kwenye kuku?

BiMkubwa_wa_Banda
Mwanangu, weka jembe chini, usichimbe kitu. Umefuga bata kwa akili ya kuku, na sote tulianzia hapo.

Kuku anataga mchana, wakati wowote akijisikia, na anatafuta kiota. Bata anataga usiku kuelekea alfajiri, na wengi wanakuwa wamemaliza kabla ya saa 3 asubuhi. Wewe saa 12 umeshafungua mlango. Yai linamkuta yuko matembezini, na hana adabu ya kurudi ndani kwa ajili yake. Analiachia hapo alipo, hata kama ni ndani ya maji.

Wafungie mpaka saa 3 kwa wiki mbili ndipo uhesabu. Na hivyo viota vishushe leo hii, bata hapandi ubao. Weka sakafuni, kona yenye kiza, nyasi kavu au maranda ya kutosha kumzamisha tumbo.

Mshika_Jembe
Asante mama. Sasa saa 3 mimi niko kazini, na mke wangu anawaogopa, anasema wanamfuata wakiwa wamenyoosha shingo. Labda binti yangu, yuko likizo.

BiMkubwa_wa_Banda
Wanamfuata wakidhani ana chakula. Binti anatosha.

Kwaakwaa
Mkuu, kabla ya yote angalia mikia. Kwa umri huo dume anakuwa na unyoya mmoja au miwili juu ya mkia iliyojikunja kuelekea mgongoni, kama ndoana. Ukishindwa kuona, mkamate mmoja mmoja umsikilize. Jike anapiga kelele kali mpaka mtaa wa pili. Dume ana sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyekesha msibani.

Angalizo: wale bata wazito wenye nyama nyekundu usoni huwezi kuwapima hivyo. Dume lao halikunji unyoya, na jike lao halipigi hizo kelele. Wa kwako kwa maelezo yako siyo hao.

Mshika_Jembe
Nimetoka bandani sasa hivi na tochi. Wawili wana ndoana. Muuzaji ana maelezo ya kunipa.

Na majike mawili nimeona wamenyonyoka manyoya nyuma ya shingo. Nilidhani ni wadudu.

Kwaakwaa
Siyo wadudu, ni waume. Dume anapompanda jike anamng'ata hapo shingoni ili asidondoke. Dume 1 kwa majike 5 au 6 inatosha kabisa. Wewe una 2 kwa 4, hawapumui hao. Tena kama unataka mayai ya kula tu, huhitaji dume hata mmoja, jike anataga bila yeye.

Daftari_la_Mfugaji
Niongezee kidogo upande wa hesabu, maana naona mwenye uzi alitarajia mayai 6 kwa siku.

Kwa maelezo yako hao ni Khaki Campbell, au machotara wao. Ni aina iliyotengenezwa Uingereza na mama mmoja aitwaye Adele Campbell, akaitambulisha Campbell ya kwanza mwaka 1898, na hii ya kaki mwaka 1901. Alichanganya bata aina ya Runner, ambaye ni mtagaji lakini mwembamba, na aina ya Rouen pamoja na bata mwitu ili apate mwili kidogo. Ukoo uliochaguliwa vizuri unafikisha mayai 300 kwa mwaka na kuzidi. Huo ni ukoo uliochaguliwa, mwenye lishe kamili. Wa mtu wa kawaida nyuma ya nyumba, ukiona mayai 3 kwa siku kutoka majike 4, piga makofi. Na wakianza kubadili manyoya watasimama wiki kadhaa, usije ukawachinja kwa hasira.

Nimecheka hapo kwenye chakula ndani na maji nje. Unga mkavu unamganda bata mdomoni. Anameza kidogo, anakwenda kusukutua, anarudi, na kila safari anamwaga nusu. Asipoyapata maji karibu anaweza hata kukabwa. Toa chakula nje, kikae hatua mbili tatu kutoka kwenye maji. Usiku wasiwe na kimoja wala kingine, hawafi, na banda lako litabaki kavu kama unavyotaka.

Nyasi_Kavu
Mimi naomba kujua hayo mahindi ya kuparaza yanahifadhiwa wapi.

Mshika_Jembe
Kwenye gunia, kona ya banda. Mengine yana kijani kijani kidogo ila nachambua.

Nyasi_Kavu
Hapo sasa. Mwaga lote, usichambue. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, huioni kwa macho. Punje inaweza kuwa safi kwa nje na sumu imo. Na katika ndege wote wa kufugwa, bata ni dhaifu kuliko karibu wote mbele ya hiyo kitu, kuku anaweza kuvumilia kiwango ambacho bata kinamuua ini. Hata hiyo sumu yenyewe iligunduliwa kupitia ndege: mwaka 1960 Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya laki moja waliolishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na vifaranga vya bata nao wakafa.

Gunia lisikae bandani. Bata wanapumua mvuke usiku kucha, huo unyevu wote unaingia kwenye nafaka.

Mzee_wa_Karai
Napingana kidogo na wanaosema bata hahitaji maji mengi. Bwawa hahitaji, kweli. Lakini lazima apate chombo cha kuzamisha kichwa chote mpaka juu ya macho. Ndivyo anavyosafisha pua na macho. Ukimpa kinyweshea cha kuku peke yake, baada ya muda utaona macho yana matongo na matundu ya pua yameziba. Karai lako linatosha, ila badilisha maji kila siku, maana ndani ya saa moja watayageuza uji.

Huyo jirani anayekushauri bwawa mwambie anitafute siku ya joto, maji yametuama na kuna panya ameozea pembeni. Nilipoteza bata wanne kwa sumu ya maji ya namna hiyo. Shingo inalegea kama kamba, hawezi kuinua kichwa, anazama huku unamwangalia.

Anayechechemea, mnyanyue utazame wayo. Na usimkamate mguu kama kuku! Miguu ya bata ni myepesi, inateguka. Mbane mabawa ubavuni kwako, mkono mwingine chini ya tumbo.

Mshika_Jembe
Wayo una kidonda kigumu cheusi, ukubwa wa punje ya dengu. Sakafu yangu ni saruji tupu.

Mzee_wa_Karai
Ndiyo hiyo. Saruji imemchubua, uchafu ukaingia. Kikiwa bado kidogo, mloweke mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, msafishe, umweke kwenye maranda makavu peke yake. Kikivimba au kikiwa na joto, mwone daktari wa mifugo, usikikate mwenyewe kwa wembe kama nilivyowahi kufanya mimi.

Mshika_Jembe
Wakuu, narudi na mrejesho. Ni siku ya 16 leo.

Siku ya kwanza binti alifungua saa 3, viota vyote vitatu vitupu. Akanipigia simu kazini kunipa pole. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akaingia kubadilisha maranda, akasukuma mkono kwenye kona ya nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuna kiota chochote. Akatoa yai. Akatoa jingine. Yalikuwa 11, yamefukiwa kabisa, juu yake maranda yamesawazishwa utafikiri kuna mtu amefagia. Saba yaliyoelea kwenye maji tumeyatupa.

Kumbe walikuwa wanataga, mimi ndiye sikuwa nayaona.

BiMkubwa_wa_Banda
Hahaha! Nilisahau kukuambia hilo. Anafukia ili nguchiro asione. Sasa hiyo kona ndiyo kiota, wameshaamua wao, usibishane nao. Usiyatoe yote, acha moja la mbao au la plastiki ili waendelee hapohapo.

Mshika_Jembe
Nimeweka la mbao. Dume mmoja nimempa shemeji, mwingine nimembakiza, manyoya ya shingo yameanza kuota. Mahindi nilifukia shimoni. Mguu unapona.

Swali la mwisho: mayai mengine yanatoka na kinyesi, nioshe?

Daftari_la_Mfugaji
Yenye uchafu kidogo futa kwa kitambaa kikavu. Ukilazimika kuosha, maji yawe ya moto kidogo kuliko yai lenyewe. Yakiwa baridi, yai linajikaza ndani na kuvuta uchafu kupitia vitundu vya ganda. Ukishaosha ule mapema, halikai tena. Na yapike yaive, kiini kisiwe majimaji.

Mshika_Jembe
Nimeelewa mkuu. Leo asubuhi tumechimba manne.