Tupeane uzoefu: wenzetu tuliopanda nao milima, siku hizi wako wapi?

Mwanzisha mada, Mbeya mjini

Habari za majukumu ndugu zangu. Leo naomba tuweke pembeni habari za njia na hali ya hewa, tuzungumzie watu.

Kundi letu lilianza na wachache wa hapa mjini waliokuwa wakipanda Mlima Loleza Jumamosi alfajiri, baadaye wakaja wenzetu wa Tukuyu, Makete, Njombe, mpaka Iringa. Ukifungua orodha ya wanachama, majina bado yamejaa. Ikitangazwa safari ya Ziwa Ngozi, wanaoitika ni wale wale. Yuko wapi yule mama wa Ilemi aliyekuwa anabeba viazi vya kuchemsha kwenye kindoo, anagawia kila mtu tukifika juu? Na yule kijana wa chuo aliyekuwa anatambua ndege kwa mlio kabla hajamwona? Fundi viatu wetu wa Mwanjelwa je?

Siulizi kwa kulaumu. Nimeona kundini watu wanarushiwa maneno, "mmetutenga", "mmeshakuwa mabosi", na huenda mlengwa anayasoma akiwa msibani au anauguza. Inaniuma kwa kweli. Mimi naamini mtu akinyamaza, mmoja wetu amtafute pembeni, kwa simu au kwa miguu, bila kumtangaza. Kwa hiyo tupeane uzoefu: nani alipotea, ulimpataje, ulimkuta na hali gani? Na kama aliyepotea ni wewe, kilikusibu nini? Majina na namba za watu tusiweke.

Naanza na fundi. Ujumbe wake ulibaki tiki moja muda mrefu, kisha siku moja ikatokea picha ya dada nisiyemjua. Kumbe laini yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizozimwa Januari 2020 kwa kutosajiliwa kwa alama za vidole. Kitambulisho cha Taifa alikuwa hajakipata, na bila namba ya NIDA hukusajili. Namba ikaja kupewa mtu mwingine. Namba zetu zote alikuwa amezihifadhi kwenye laini ile ile, hivyo hakuwa na pa kuanzia. Nilizunguka kwa mafundi wenzake nikiuliza, nikaelekezwa Kabwe, nikamkuta ameinamia kiatu. Alidhani tumemtoa kundini! Akavuta gunia chini ya benchi, akatoa jozi ya buti za kahawia alizopewa na mmoja wetu abadilishe soli. Soli mpya, zimeshonwa kwa uzi mnene na kupakwa gundi pembeni, ndani amejaza magazeti zisipoteze umbo. Miaka yote hiyo amezitunza, akisubiri mwenyewe aje. Mwenye buti ajitokeze.

Mchangiaji, Tukuyu

Ndaga, asante kwa mada. Ninyi wa mjini kimya mnakihesabu kwa Jumamosi, huku tunakihesabu kwa msimu. Rungwe mvua ni nyingi, chai inachumwa karibu mwaka mzima, na sasa parachichi nazo zimewashika watu. Mtu akipotea Novemba, mtafute shambani kwanza.

Ila ninaye mmoja ambaye shamba halikuhusika. Mnamkumbuka mzee wetu wa msituni, aliyekuwa anatutangulia Mlima Rungwe na fimbo yake? Ndiye aliyetueleza habari za kipunji wakati wengi wetu tulikuwa hatujawahi kumsikia. Watafiti walimwona kima huyo hapa kwetu mwaka 2003, mwaka 2005 wakamtangaza kwa dunia, na 2006 wakampa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Mzee alikuwa akisema wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja tangu zamani, na ni kweli, watafiti wenyewe walianza kumfuatilia baada ya kusikia masimulizi ya wenyeji. Sauti zake ndefu za kundini, tulizokuwa tunazisikiliza jioni, zilikatika ghafla. Tukaambiana labda kachoka na sisi.

Nilikwenda kwake na sukari kilo moja. Nikamkuta barazani anapukuchua mahindi, goti limevimba. Mzee ana kitochi tu. Sauti zile alikuwa anarekodiwa na mjukuu wake kwenye simu ya binti yake, na mjukuu kaenda shule ya bweni. Mwingine wa kumbonyezea hakuna. "Nilidhani mtoto anawapelekea bado," akaniambia. Sasa hivi tukifika ukingo wa msitu tunampigia kitochi, tunaweka sauti kubwa, anatuuliza ukungu umekaa wapi na tumepita upande gani wa mto. Akikataa njia, hatupiti.

Mchangiaji, Matamba, Makete

Nitaeleza ya dada yetu wa maua, maana wengi mmekuwa mkimuulizia na majibu mengine mnayopeana si ya kweli. Hajaolewa mbali, wala hajagombana na mtu.

Mnajua picha zake. Kila mwaka kuanzia Desemba alikuwa anaturushia okidi za Kitulo: za njano, za zambarau, nyingine ndogo kiasi kwamba alikuwa anaweka kiberiti pembeni uone ukubwa. Kitulo ina aina zaidi ya 40 za okidi, na ndiyo sababu ikafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hifadhi iliyotengwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji tunaiita Bustani ya Mungu.

Msimu mmoja akanyamaza kabisa. Nilimfuata nyumbani, tukakaa jikoni moto ukiwaka maana ilikuwa Julai, na Julai ya Matamba mnaifahamu. Akaniambia kuna mtu alimwandikia pembeni akimsifia picha, kisha akaanza kuuliza: ni kilima kipi, upande upi wa njia, kutoka barabarani ni mbali kiasi gani? Baadaye alipopita mahali fulani nje ya mpaka wa hifadhi, palipokuwa na maua aliyoyapiga picha, akakuta mashimo. Viazi vya okidi vinachimbwa, vinauzwa, vinavuka mpaka kwenda Zambia ambako watu hupika chikanda, chakula cha viazi hivyo. Ukichimba kiazi, ua halirudi. Hakuwa na ushahidi kwamba mashimo yale yametokana na picha yake, lakini alishindwa kulala. Akaona heri anyamaze kuliko kuwa mwelekezaji.

Yaani mwenzetu aliyeyapenda maua kuliko sisi wote ndiye aliyeacha kuyaonyesha, na sisi tukamwita mchoyo! Nilipotoka kwake niliongea na waratibu, tukakubaliana picha ya ua isitajwe mahali, na simu izimwe ile sehemu inayoandika eneo kwenye picha. Amekubali kurudi polepole. Hajarusha picha bado. Msimsukume.

Mchangiaji, Iringa

Kamwene. Mimi ni mmoja wa waliopotea, na nitasema wazi kwa sababu najua siko peke yangu.

Ilikuwa orodha ya michango. Safari ya kwenda Matema, Coaster imekodiwa, kila mtu shilingi elfu kadhaa. Mwezi ule biashara yangu ya mbao ilikuwa imelala na mtoto kalazwa. Kila asubuhi orodha inapandishwa upya: waliolipa wana alama ya tiki, na mimi jina langu liko wazi. Siku ya tatu nikaona nimebaki na wengine wawili. Hakuna aliyenitukana, na mweka hazina alikuwa anafanya kazi yake. Lakini ndugu zangu, kuna aibu inayomwingia mtu mzima akiona jina lake halina tiki mbele ya watu ambao wiki iliyopita alikuwa anawavuta mkono kwenye mwamba. Nikaacha kufungua kundi. Safari ikapita, nyingine ikapita, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo kurudi kulivyozidi kuwa kugumu, maana ningeanzia wapi?

Aliyenirudisha hakunihubiria. Aliandika: "Kaka, jioni tuko Gangilonga, tunapanda kwa miguu kutoka mjini, hakuna nauli wala mchango. Njoo na maji yako." Nikaenda. Tulikaa juu ya jiwe mpaka taa za mji zikawaka, tukaongea bei ya mbao na afya ya mtoto. Neno deni halikutajwa. Nawaomba waratibu: anayekwama amtumie mweka hazina ujumbe wa siri, na orodha za tiki ziishe. Na kila mwezi iwepo safari moja isiyo na gharama. Iringa hii hatukosi mawe ya kupanda.

Mchangiaji, Njombe

Ya kwangu ni nzito, mniwie radhi.

Kulikuwa na baba mmoja wa huku kwetu, mtu wa maneno machache, anatembea wa mwisho siku zote ili asibaki mtu nyuma. Kundini alikuwa haandiki zaidi ya "Sawa" na "Nipo". Basi "Nipo" ikakosekana na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu wanaosema sana ndio tunaowakosa haraka. Siku moja niliandika kumuuliza kama anakuja, nikajibiwa na binti yake: baba alifariki, na arobaini ilikuwa imeshapita.

Tulikwenda watu wanne. Tukatoa rambirambi, tukaonyeshwa kaburi chini ya misonobari. Mkewe akatuuliza, "Mna picha zake za huko mlimani?" Alikuwa anajua mumewe anaondoka alfajiri na kurudi na matope magotini, lakini kule juu hakuwahi kumwona. Tukakusanya kwenye simu zetu zote, tukasafisha studio pale mjini. Kwenye moja amekaa juu ya gogo anafunga kamba ya kiatu cha mtoto wa mwenzetu, anacheka mpaka macho yamefumba. Mama aliishika hiyo muda mrefu, akaita watoto. "Njooni mwone baba yenu anavyocheka."

Tangu hapo, huku Njombe kila mwanachama ameandikisha namba ya mtu wa nyumbani kwake. Na wale wa "Nipo" ndio tunaowapigia kwanza.

Mchangiaji, Mpanda

Buti za kahawia ni zangu!! Kamba moja nyekundu, nyingine nyeusi, mwambie fundi athibitishe. Nilimpa wiki chache kabla ya barua ya uhamisho kutoka. Mimi ni mwalimu, nilipewa siku za kuripoti Katavi nikafunga mizigo mbio mbio. Nilipompigia hapatikani, nikajua zimekwenda.

Kundi nililizima mlio. Februari mnarusha picha za Kitulo na mimi huku tambarare jasho linanitoka, nikawa naumia. Sikuwasahau. Naomba nitumiwe kwa basi la Sumbawanga, nitalipokea. Fundi nitamlipa mwenyewe, na pesa ya kutunza juu.

Mchangiaji, Uyole

Niongeze dogo. Wengine wameondoka tu, na wako salama. Yupo kijana mmoja ninayekutana naye kila mara sokoni, Jumamosi zake sasa ni mazoezi ya kwaya, anafurahi, na tukikutana tunasalimiana vizuri. Kumtafuta mtu ni vizuri, lakini akishakwambia ameacha, mwache kwa amani.

Mwanzisha mada, Mbeya mjini

Nakubaliana na ndugu wa Uyole. Ndugu wa Iringa, orodha ya tiki nimeshaongea na mweka hazina, haitapandishwa tena. Safari ya bure ya kwanza itakuwa Loleza, tarehe nitaitangaza. Mwalimu, fundi amethibitisha kamba, buti zinaondoka Jumatatu, nitakutumia namba ya kondakta pembeni. Njombe, poleni sana. Wazo la namba ya mtu wa nyumbani tulichukue sote.

Mama wa Ilemi nimeambiwa alihama nyumba lakini bado anasali kanisa lile lile. Mimi na dada mmoja tutakwenda Jumapili ibada ikitoka. Bado kijana wa ndege. Nijuavyo alimaliza chuo, akarudi kwao upande wa Mbozi, kisha simu ikafa. Aliyesoma naye, au anayemjua ndugu yake yeyote, aniandikie pembeni, tafadhali asiweke hapa.