Fundi bodi kaniharibia milango ya gari la faibaglasi, na bado anadai hela yake!

Wakuu, salamu baadaye, leo nina hasira.

Nina bodi ya faibaglasi (plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo ndani), zile za kuunga mwenyewe, inakaa juu ya chesisi ya Volkswagen Beetle. Injini safi, breki safi, imebaki milango miwili tu. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja huku Kizota, eti mkali wa bodi Dodoma nzima.

Huyo mkali kaanza kupanga milango bodi ikiwa juu ya matofali, haijafungwa bolti hata moja! Nikamwambia, fundi, hili si bati, linakaa kadiri lilivyoshikiliwa. Funga bodi yote kwenye chesisi, shusha gari lisimame kwa matairi yake, ndipo upime mlango. Akanijibu ana uzoefu. Uzoefu wa nini? Wa Noah na Corolla!

Kuja kufunga bolti, kila kitu kikahama. Juu kidole kinapita, chini mlango unasugua. Dawa yake? Kachomeka ubao penye bawaba, kausukuma mlango kwa mwili mzima, mtindo wa kunyoosha daladala. Bati ukilipinda linabaki ulipoliacha. Faibaglasi ama inarudi ama inapasuka. Yangu imepasuka, nyufa zimetapakaa kuzunguka bolti kama utando wa buibui. Na kwa nini isipasuke, wakati nyuma yake hakulaza bamba la chuma la kubeba uzito wa bawaba? Hata matundu ya bolti kayatoboa ya kubana, hakuna nafasi ya kusogeza mlango ukae sawa. Bawaba ya juu na ya chini haziko mstari mmoja, kila moja inatazama kwao, kwa hiyo mlango unagoma katikati.

Kilichonimaliza ni puti, ule udongo wa kuzibia mabonde kabla ya rangi. Lile pengo kalishindilia puti nene, msasa, rangi, akanitumia picha WhatsApp, gari linameremeta. Nimepita tu njia ya vumbi Nkuhungu, vipande vikaanza kudondoka.

Halafu mpira wa mlango kauweka mwisho kabisa, baada ya rangi. Jamani! Mpira una unene wake, unausukuma mlango nje. Sasa kitasa hakishiki mpaka ubamize, na kila nikibamiza ufa unarefuka.

Utetezi wake: "Boss, plastiki hizi ndivyo zilivyo." Chevrolet Corvette ilitoka 1953 ikiwa na bodi ya faibaglasi, na milango yake inafunga.

Namtafuta mtu aliyeshika rezini, ile gundi ya kutengenezea faibaglasi, kwa mikono yake, hata awe mtengeneza boti wa Mwanza au Dar. Aje Dodoma, nauli na malazi juu yangu. Kama kazi yako ni kunyoosha bati, PM yangu usiiguse.

Na wewe fundi, najua umo humu. Hela iliyobaki huipati, na bawaba zangu za mwanzo zirudishe.