Kershaw kashinda mechi 11 msimu wake wa mwisho halafu kaacha, nisaidieni kuelewa

Mnyamwezi_wa_LA:
Wakuu habari za muda huu.

Mi ni mtu wa soka ila tangu nihamie huku Los Angeles kazini kwetu kila mtu ni Dodgers, timu ya besiboli ya hapa, kama hujui matokeo ya jana huna cha kuongea wakati wa chai, basi nikaanza kuangalia besiboli na sasa ivi imeniingia kabisa. Swali langu ni kuhusu Clayton Kershaw. Jamaa anarusha kwa mkono wa kushoto, alikuwa Dodgers tangu 2008, misimu 18 timu moja. Msimu wa 2025 kashinda 11 kapoteza 2, mwezi wa saba kafikisha wapigaji 3,000 aliowatoa kwa straiki (mpira mzuri ambao mpigaji anaukosa, zikifika tatu anatoka) na kwenye historia yote ya ligi kuu ya Marekani ni mtu wa 20 tu kufika hapo. Alafu tarehe 18 mwezi wa tisa anakaa mbele ya waandishi anasema msimu ukiisha na yeye basi. Miaka 37!

Kesho yake akaanza nyumbani dhidi ya Giants ya San Francisco. Inningi (yaani zamu) ya tano akamtoa mpigaji wao Rafael Devers, kocha akatoka kuja kumchukua, wenzake wakamzunguka pale kwenye kile kijilima wanachorushia wakawa wanamkumbatia na uwanja mzima umesimama. Mi ambaye sina muda mrefu na huu mchezo nilishikwa na kitu kooni.

Sasa mtu anashinda namna hiyo anaachaje? Na akishaacha anakula wapi, kuna pensheni kama ya mtumishi wa serikali au ndo imetoka hiyo?

Shangazi wa Chumbageni:
Mkuu hiyo 11 kwa 2 usiishikilie sana, ushindi wa mrushaji unategemea pia wenzake wamepiga nini na Dodgers wale wanapiga kweli kweli. Angalia kasi ya mpira. Kershaw wa ujanani alikuwa anarusha maili 94 mpaka 95 kwa saa, msimu wa 2025 mpira wake wa kasi ulikuwa unacheza kwenye 89 hivi, anaishi kwa akili, anauweka pembeni kabisa mwa eneo la straiki na ule wa kupinda unaoanguka ghafla mpigaji ameshazungusha gongo. Novemba 2023 kapasuliwa bega. Novemba 2024 kapasuliwa goti na mguu. Mwili ulikuwa unamdai kila mwaka, na nyumbani ana watoto wanne na alipotangaza mke wake alikuwa na mimba ya wa tano.

Na kwa Dodgers hii haijaanza leo. Sandy Koufax, mrushaji wa kushoto wa timu hiyo hiyo, mwaka 1966 alishinda mechi 27, kabeba tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, kwa mara ya tatu, na Novemba akatangaza anaacha, ana miaka 30. Thelathini! Kiwiko kilikuwa kimeliwa na baridi yabisi, baada ya mechi anatumbukiza mkono mzima kwenye barafu na kabla ya mechi ni sindano na dawa. Aliona akiendelea atafika mahali huo mkono hautamsaidia hata kwa kazi za kawaida za maisha. Mi namheshimu sana kwa uamuzi ule, maana hela ilikuwepo na watu walikuwa bado wanajaza viwanja kumuona.

Kobe la Mbezi:
Dada Shangazi nakubali kuhusu mkono ila hii habari ya "acha ukiwa juu" mi siikubali, watu wanaipamba sana. Muangalie mpigaji Albert Pujols. Timu ya Angels walimpa mkataba wa miaka 10 dola milioni 240, mwishoni akawa kachoka, Mei 2021 wakaachana naye kabla mkataba haujaisha, kila mtu anasema mzee akapumzike. 2022 akarudi timu ya St. Louis alikoanzia, ana miaka 42, kwa jina ana homrani 679 (homrani ni pale unapiga mpira unatoka nje ya uwanja). Akapiga 24 msimu ule akafunga na 703, na ile ya 700 aliipiga hapo hapo Dodger Stadium kwa hiyo mleta mada hiyo ni ya kwenu. Waliovuka 700 kwenye ligi kuu ni wanne tu, Barry Bonds, Hank Aaron, Babe Ruth na yeye. Angewasikiliza walimwengu angebaki na 600 na kitu zake.

Alafu kuna Ichiro, yule mpigaji Mjapani. Hiyo we itafute video uangalie mpaka mwisho. Tarehe 21 Machi 2019, Tokyo Dome, Seattle Mariners na Oakland. Ana miaka 45. Mechi mbili za pale Tokyo hakupata hiti (pigo linalokufikisha kwenye besi, kituo cha kukimbilia) hata moja, na hakuna aliyejali. Inningi ya nane akatoka akaenda nafasi yake ya kulia, kocha akamuita arudi, wenzake wote wakatoka kumpokea akawa anakumbatia mmoja mmoja, Yusei Kikuchi ambaye usiku ule ndo alikuwa anaanza ligi kuu analia kama mtoto. Mechi imeisha, watu hawaondoki, wanaita jina lake tu, akabidi atoke tena uwanjani kuwapungia. Hiti 1,278 Japani, 3,089 Marekani, jumlisha mwenyewe. Huyo hakuacha akiwa juu hata kidogo na sijaona mwanamichezo aliyeagwa vizuri kuliko yule.

Mhasibu_Mstaafu:
Vijana mmelisahau swali la pili la kijana, la hela, na ndo lenye mambo mengi.

Pensheni ipo tena nzuri. Siku 43 tu kwenye orodha ya ligi kuu tayari umeshapata haki ya pensheni, ukifika miaka 10 unapata kamili. Siku moja tu inakupa haki ya bima ya afya ya wachezaji. Ndo maana utaona kijana wa ligi ndogo akipandishwa kwa mara ya kwanza familia nzima inalia, sio kwa ajili ya sifa peke yake. Ila kuna wazee waliocheza kati ya 1947 na 1979 ambao hawakufikisha miaka minne, sheria ya zamani iliwaacha nje na ilipobadilishwa 1980 haikurudi nyuma kuwachukua. Tangu 2011 wanapewa malipo kidogo kila mwaka lakini sio pensheni, na mjane harithi kama kwa wenzao. Hii inaniuma kwa sababu ligi ile ina hela ya kutosha kuwalipa wote wale bila kutikisika.

Jambo lingine, mkataba wa besiboli ukishasainiwa hela ni yako hata ukiumia. Lakini ukiamua mwenyewe kuacha katikati, iliyobaki unaisamehe. Ndo maana wapo wachezaji walioumia kabisa na hutasikia neno "nastaafu" midomoni mwao. Stephen Strasburg, mrushaji wa Washington, alisaini miaka saba dola milioni 245 mwishoni mwa 2019, mishipa ya bega ikamharibikia, tangu asaini alicheza mechi nane tu, na mpaka astaafu rasmi mwezi wa nne 2024 ilibidi wakae mezani na timu waelewane. Na Bobby Bonilla mara ya mwisho kucheza ni 2001 ila kila tarehe 1 Julai New York Mets wanamlipa dola milioni 1.19 na itaenda hivyo mpaka 2035, sababu mwaka 2000 badala ya kumpa milioni 5.9 zake zote siku ile walikubaliana kuzisogeza mbele na riba ya asilimia 8.

Mnyamwezi_wa_LA:
Mzee shikamoo, na asante sana. Kumbe ndo maana Strasburg kila nikimtafuta naona majeruhi majeruhi tu miaka yote. Na ile nyumba ya kumbukumbu ya magwiji wa besiboli pale Cooperstown, Kershaw anaingia mwaka gani? Na kocha yeyote humu anieleze, huu mkono unaharibikia wapi hasa, ukubwani au?

Shangazi wa Chumbageni:
Lazima ipite miaka mitano kwanza, kwa hiyo jina lake litapigiwa kura 2031 na anahitaji asilimia 75. Atapita, mi nasubiri tu kuona ni kwa ngapi. Aliyewahi kupata kura zote ni Mariano Rivera peke yake, 2019. Ichiro 2025 kakosa moja tu kati ya 394.

Na usisahau alivyoondoka. Fainali ya 2025 na Toronto, mechi ya tatu, inningi ya 12, wapinzani wamejaa besi zote tatu, wanaita Kershaw. Mpigaji kafika mipira mitatu ya nje na straiki mbili, Kershaw akikosea mmoja tena ni pointi kwao. Akamtoa. Mechi ikaenda mpaka inningi ya 18 Freddie Freeman akaimaliza. Huyo mmoja tu ndo alikuwa mpigaji wake wa mwisho, na ubingwa kabeba.

kocha_Upanga:
Nafundisha watoto besiboli hapa Dar, nijibu hilo la mkono. Unaanza kuharibika utotoni. Mtoto mwenye mkono mzuri kila mtu anataka arushe yeye, jumamosi mechi mbili, jumapili tena, akifika 18 kiwiko kimeshalegea. Kwenye Little League, ligi ya watoto ya Marekani, mtoto wa miaka 11 na 12 hatakiwi kuzidisha mipira 85 kwa siku na akirusha mingi anapumzishwa siku kadhaa. Mi natembea na daftari nahesabu kila mpira, wazazi wananinunia nikimtoa mtoto wao timu ikiwa inaongoza lakini namtoa. Wewe uliyeko huko kama unaweza kupata vile vihesabio vya kubonyeza kwa kidole nitumie PM, huku havipatikani kirahisi.

Mnyamwezi_wa_LA:
Kocha nimeshakutumia PM, nipe idadi.