Houston: mji wa mafuta au mji wa wageni?

Mwanabandari: Wakuu, kila ikitajwa Houston tunaambiwa mafuta. Mimi naona mafuta yamebaki jina tu. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 2,304,580. Walatino wanakaribia nusu. Weusi na wazungu, kila kundi halifiki robo. Wanaoubeba mji ni wageni: wajenzi, wapishi, manesi, madereva wa malori ya bandarini. Mnasemaje?

Kibo_Juu: Mji wa tatu kwa ukubwa Marekani, na unakula kutokana na visima. Miaka ya 80 bei ya mafuta ilipoporomoka, watu walihama wakaziachia benki nyumba zao. Hao wageni wako wamefuata pesa ya mafuta. Wabongo wenyewe wako kule kuosha wazee tu.

Dada_wa_Tanga: Wa nne, si wa tatu. Chicago umeiweka wapi? Na hilo la "kuosha wazee tu" hebu rudia. Naingia zamu alfajiri, namgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, namlisha kijiko kwa kijiko. Mwanawe ni injinia wa mafuta, nepi ya baba yake hajui inafungwaje.

Kibo_Juu: Dada, hasira za nini? Kima cha chini Texas ni dola 7.25 tangu 2009. Mbeba boksi ni mbeba boksi.

Dada_wa_Tanga: Mimi hiyo 7.25 hainihusu. Na boksi unalolicheka ndilo linaloezeka nyumba za mama zenu huko Bunju.

Mzee Sharifu: Hahaha, hapo kwenye Bunju kapigwa mtu.

Bukavu_Gulfton: Mie nilikuja kama mkimbizi, nikapewa chumba Gulfton, mtaa wa hapa Houston. Jirani wa kulia Mhonduras, wa juu Mwafghani. Baada ya kimbunga Harvey, 2017, maji yalipotoka nyumbani kwa matajiri, nilikuwa kwenye kundi la kubomoa jipsamu iliyolowa. Kihispania mwanzo mwisho. Sikumuona mtu wa visima akishika nyundo.

Kibo_Juu: Na aliyewalipa nani? Kisima!

Mwanabandari: Jamani, turudi kwenye mada. Texas Medical Center peke yake ina wafanyakazi zaidi ya 100,000.

Kibo_Juu: Hospitali hizo zimejengwa na pesa ya mafuta, acheni ubishi.

Mzee Sharifu: Kijana, taratibu. Pale pameanzia kwenye pesa ya M.D. Anderson, na yule alikuwa mfanyabiashara wa pamba.

Kibo_Juu: Pamba, mafuta, yote mali ya ardhini. Nyie mnatafuta sababu ya kunisimanga.

Dada_wa_Tanga: Pamba inachimbwa siku hizi? Bado nasubiri uombe radhi.

Nesi_Mwanza: Samahani kuwaingilia. Nina leseni ya unesi ya hapa nyumbani. Nikifika huko naanza kazi moja kwa moja?

Dada_wa_Tanga: Hapana mdogo wangu. Vyeti vyako vinakaguliwa kwanza, halafu unafanya NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani. Wengi huanzia kwenye kutunza wazee huku wakisoma. Njoo inboksi.

Kibo_Juu: Si ndiyo nilichosema mimi?

Mzee Sharifu: Wewe ulisema "tu."